Tumemalizia likizo Mlima Elgon na watoto. Msiishie Sipi, ingieni hifadhini

MamaWalukuba

Salaam wanajukwaa. Kila likizo ya muhula wa pili ikikaribia kwisha naona swali lile lile humu: watoto tuwapeleke wapi kabla shule hazijafunguliwa, na karo ndiyo hiyo inaita? Wengi hujibu Entebbe kuangalia wanyama, au ufukweni. Sisi wa Jinja mwaka huu tulishika barabara ya Mbale tukapanda mpaka Kapkwai, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Nitaandika kwa kirefu, kwa sababu nimeona familia nyingi zinafika Sipi, zinapiga picha kwenye maporomoko, zinakula kuku, zinageuza gari. Maporomoko yale yako nje ya mpaka wa hifadhi. Msitu unaoyapa maji uko juu yake, na watu wanarudi nyumbani bila kuuona.

Tulikuwa mimi, baba watoto ambaye ni dereva wa masafa, kijana wetu wa darasa la sita, binti wa darasa la tatu, na mama mkwe wangu. Tulipita Iganga, pale Nakalama tukakata kushoto kuingia barabara ya Tirinyi. Mbele kidogo unafika Mto Mpologoma, mafunjo kulia na kushoto, maji yametulia kiasi kwamba huwezi kujua yanaelekea wapi. Hapo nilimwomba baba watoto asimame. Niliwaambia watoto wayatazame vizuri yale maji, maana huko tuendako ndiko yanakotoka.

Hili jambo la maji ndilo lililonisukuma kwenda. Tazameni mlima wenyewe ulivyo. Mvua ikinyesha upande wa Mbale, inaingia Manafwa, inamwagilia mpunga wa Doho kule Butaleja, inaingia Mpologoma, inafika Ziwa Kyoga. Ikinyesha ng'ambo upande wa Kenya, sehemu yake inaingia Mto Nzoia, unaomwaga Ziwa Viktoria, na maji ya Viktoria yanatoka hapa kwetu Jinja kuwa Nile, kisha nayo yanafika Kyoga. Kwa hiyo matone mawili yaliyoachana juu ya mlima mmoja yanakutana tena Kyoga, moja likiwa limepita mlangoni kwetu. Na ile mvua inayoanguka ndani ya shimo la volkano kule kileleni inatoka kwa Mto Suam, inakuwa Turkwel, inaishia Ziwa Turkana. Watoto wetu wanaoga Nile, wanakula mchele wa Doho, na mlima wanaujua kwa jina la kitabuni tu. Mimi hilo lilikuwa linaniuma.

Mbale tulikuta mji umechangamka. Mwaka huu ni wa shufwa, ni mwaka wa imbalu, tohara ya vijana wa Kigisu, ngoma za kadodi zinasikika kila upande na vijana wamepakwa unga wa nafaka mwilini wanacheza na jamaa zao nyuma. Kijana wangu alinyamaza kabisa. Baba yake alimweleza kwa heshima yote kwamba wale ni vijana wanaoingia utu uzima mbele ya ukoo wao, na kwamba mtu akipita anapunguza mwendo na kuwapa njia. Tukapunguza, tukawapa njia.

Baada ya Muyembe barabara inaanza kupanda na masikio yanaziba. Nyuma yako tambarare za Teso na Karamoja zinafunguka, na siku isiyo na ukungu unauona Mlima Kadam umesimama peke yake kule mbali. Sipi tulipita tukanywa chai tu. Maporomoko ni matatu, lile la chini ndilo refu zaidi, kama mita 100, na ni zuri kweli, sitalisema vibaya. Lakini tuliendelea.

Kapkwai ni kituo cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA kama tulivyozoea, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuna mabanda ya kulala katikati ya miti. Baridi ya usiku ni ya kweli, mtu wa Jinja ajiandae. Pale kuna njia tatu za kuzunguka kwa miguu na kurudi siku hiyo hiyo: ya kilomita 3 inayopanda kwenye mgongo wa kilima, ya kilomita 5 inayokwenda kwenye maporomoko ya Chebonet, na ya kilomita 7 inayofika kwenye mianzi. Huruhusiwi kwenda peke yako, unapewa mwongozaji. Wetu alikuwa renja, binti wa Kisabei, Kiswahili chake kizuri. Watoto walimwita afande tangu dakika ya kwanza na yeye akawaita makuruti wake.

Bibi alitembea ile ya kilomita 3 na binti yetu, polepole, na fimbo. Kijana na baba yake wakaenda Chebonet, ambako kuna mahali mnapanda kwa mikono katikati ya miamba mpaka mtokee kwenye pango la Kapkwai. Kesho yake tukaenda wote ya mianzi, isipokuwa Bibi aliyebaki kituoni akiota jua.

Njia ya mianzi ndiyo iliyonipa moyo wa kuandika uzi huu. Unaanza kwenye msitu wa miti mikubwa, mbega weupe kwa weusi wanaruka juu yako, shorobo anapaa na mabawa mekundu ndani, binti yangu anapiga kelele kila mara. Halafu miti inapungua na unaingia mianzi, mwanga unakuwa wa kijani na hatua zenu hazisikiki tena. Afande aliwasimamisha watoto kwenye gogo lililooza, limevikwa ule ukijani laini unaoota kwenye unyevu. Akamwambia binti yangu: bonyeza. Akabonyeza kwa kiganja, maji yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Tangu tufike mvua haikuwa imenyesha. Msitu mzima ule umelala juu ya mlima kama godoro lililoloweshwa, unaachia maji kidogo kidogo mwezi baada ya mwezi. Kijana wangu aliuliza: "Na wakikata?" Afande akamwambia, maji hayatangoja, yatashuka yote siku moja pamoja na udongo. Mtoto wa mashariki ya Uganda anaelewa mara moja maana yake.

Asubuhi mawingu yakiwa hayajapanda mnaviona vilele kwa mbali. Wagagai, kilichovizidi vyote kwa urefu, ni mita 4,321. Ni volkano iliyokwisha kulala, ya mamilioni ya miaka, na kitako chake ni kipana kupindukia, kama kilomita 80 kwa 50. Ndiyo maana ukiwa chini huoni ncha kali, unaona nchi nzima imeinuka.

Njiani kurudi, karibu na mji wa Kapchorwa, tulipishana na wakimbiaji, kundi kwa kundi, wanapanda mlima huku wanaongea. Kijana akataka kujua kama Cheptegei yumo. Hatukumwona, lakini alielewa kwamba yule bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 kule Tokyo na mita 10,000 kule Paris amekulia kwenye barabara hizi hizi.

Wenye maswali karibuni.

BabaShamim

Mama Walukuba, asante kwa maelezo, nimeyasoma kwa mke wangu kwa sauti. Sisi tuko Iganga, tuna watoto watatu na mdogo ana miaka minne. Gari letu ni dogo la kawaida. Litafika? Na gharama zikoje kwa raia?

MamaWalukuba

BabaShamim, lami inakufikisha Sipi na Kapchorwa bila shida. Kutoka barabara kuu kwenda Kapkwai ni udongo, na Septemba mvua inakuwa imeanza. Ule udongo ukilowa unateleza sana. Sisi tulipita asubuhi pakiwa pakavu, na gari letu pia ni la chini. Kama imenyesha usiku, acha gari Sipi na mchukue boda wanaoijua njia, au mngoje jua lipige. Usilazimishe na watoto ndani.

Kuhusu malipo, sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi, pungufu sana kuliko wageni wanaolipa kwa dola, na watoto wana kiwango chao. Bei hubadilika, kwa hiyo pigia ofisi ya UWA ya Mbale kabla hujatoka, uliza na njia ya kulipa, na uwaambie wakuwekee banda, maana ni machache. Chakula beba chako. Kilichotugharimu zaidi ni mafuta ya gari. Mtoto wa miaka minne atamudu ile ya kilomita 3 ukiwa tayari kumbeba sehemu ya mwisho.

MzaziMakini

Sina nia mbaya, ila nauliza kwa dhati. Likizo ni fupi. Mtoto wa darasa la sita mwakani ana mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hizo pesa si zingelipia masomo ya ziada? Mlima haukimbii.

MamaWalukuba

Ndugu, swali lako nimelipokea. Nami nimelipia masomo ya ziada miaka yote, sijaacha. Lakini fungua kitabu cha maarifa ya jamii cha darasa la sita. Milima ya volkano, mikanda ya mimea kadiri unavyopanda, mvua za milimani, mito, Jumuiya ya Afrika Mashariki, yote yamo. Kijana wangu alikuwa ameyakariri na alikuwa anayachanganya. Sasa ukimuuliza mianzi inaanzia wapi, anafunga macho kidogo halafu anakujibu, na anakueleza na sababu. Binti wa darasa la tatu amechora mto kuanzia gogo mpaka Kyoga, amebandika ukutani. Na hata kama wasingejifunza lolote la mtihani, ningewapeleka. Hawa ndio watakaopiga kura siku msitu ule unajadiliwa. Nataka wawe wameugusa.

MwanaKween

Mama, umeandika vizuri kuhusu kwetu na nimefurahi. Naomba niongeze mawili, moja la usalama na moja la historia.

La usalama: Elgon ina mapango mengi. Zamani watu waliishi humo na mifugo yao, na mengine bado yana popo wengi. Oktoba 2017 hapa wilayani Kween tulipata ugonjwa wa Marburg, tulizika watu, na mwindaji mmoja katika wale alikuwa anaishi jirani na pango la popo. Ulitangazwa kwisha Desemba mwaka ule. Kwa hiyo wazazi, mwongozaji akisema hapa tunaishia mdomoni, ishieni mdomoni. Mtoto asiingize mkono kwenye kinyesi cha popo wala asiokote popo aliyeanguka. Mapango kwenye njia za watalii waongozaji wanayafahamu, wasikilizeni tu. Msiingie pango lolote na kijana wa njiani asiye na kibali.

La historia: mkiwa juu kule waulizeni waongozaji habari za Wabenet. Wazee wetu waliishi kwenye nyika ya baridi juu ya mianzi, na ng'ombe na mizinga ya nyuki, kabla ya mtu yeyote kuchora mpaka. 1983 serikali iliamua kuwashusha na kuwatengea ardhi chini, na upimaji wake ukaleta ugomvi ambao mpaka leo haujazikwa. 1993 mlima ukawa hifadhi ya taifa. Oktoba 2005 Mahakama Kuu pale Mbale iliwatambua Wabenet kuwa wakazi wa asili wa eneo lile wenye haki ya kukaa na kulima. 2008 wengine wakaondolewa tena. Wapo wanaoishi kwenye vibanda vya muda mpaka sasa hivi. Nasema hivi kwa sababu Mama ameandika "na wakikata?" kama vile anayekata ni mgeni. Babu yangu mzaa mama alijua kila chemchemi ya kule juu kwa jina lake, na hakuwa adui wa msitu.

MamaWalukuba

MwanaKween, kaka, asante sana. Afande wetu aligusia habari za Wabenet pale kwenye mwanya wa mianzi, alituonyesha upande ambao familia zilikuwa zikipitisha ng'ombe. Watoto walimuuliza kwa nini waliondolewa na yeye akajibu kwa uangalifu, nikaona ni jambo linalomgusa. Nitawasomea watoto ulivyoandika. Msitu ubaki na watu wake wapate haki yao, mimi siamini kwamba moja lazima liuwe jingine.

MkulimaBududa

Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme. Mimi ni wa upande wa Bududa, kule mlima unakoanguka. Tarehe 1 Machi 2010 kijiji cha Nametsi kilifunikwa na maporomoko ya udongo, na kituo cha afya kikafunikwa, watu zaidi ya mia moja wakaenda. Tangu siku ile yamefuata mengine. Watu wa mjini wanasema haraka: wakulima wamekata miti. Ni kweli miti imekatwa. Lakini ongezeni na haya: miteremko yetu ni mikali, udongo ni mzito na una kina, mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo unajaa maji na kuachana na mwamba chini. Na shamba la babu limegawanywa kwa wana, wana wakagawia wana, mpaka mtu analima mahali ambapo mbuzi anasimama kwa shida. Atakwenda wapi?

Wanaokaa juu na kahawa yao chini ya mringaringa na migomba wanashika udongo vizuri kuliko wenye mahindi matupu. Hili tunaliona kwa macho. Kahawa ya Bugisu imetusomesha tangu enzi za chama cha ushirika cha 1954, na kahawa hiyo inataka kivuli. Wazazi mkija huku nunueni kahawa kwa mkulima, na malewa pia.

BabaShamim

Malewa yanapikwaje, mzee? Mke wangu anauliza.

MkulimaBududa

Ni machipukizi ya mianzi, yamekaushwa kwa moshi. Yaloweke vizuri, uyachemshe mpaka yalainike, umwage yale maji, uyakatekate, halafu upike na karanga zilizotwangwa mpaka rojo iwe nzito. Wengine wanachanganya na simsim. Kula na matoke au ugali wa ulezi. Na mjue kwamba kuna vijiji vyenye makubaliano na UWA ya kuingia kuchuma malewa kwa msimu, kwa hiyo msimwone mama mwenye mzigo wa mianzi mkamwita mwizi.

NikoEndebess

Habari za ng'ambo. Mimi niko upande wa Trans Nzoia, Kenya. Kwetu hifadhi ni ndogo kuliko yenu, ya tangu 1968, lakini tuna pango la Kitum. Ndovu wanaingia humo usiku, gizani, wanapapasa kwa mkonga, wanachokonoa ukuta kwa pembe wale chumvi. Alama za pembe ziko ukutani, utaziona. Barabara ya Kapchorwa kwenda Suam sasa imekuwa lami, kama kilomita 73, kwa hiyo familia inaweza kuzunguka mlima ikarudi kwa njia ya Kitale na Malaba. Aliyosema MwanaKween kuhusu popo yanahusu Kitum pia, miaka ya 80 kulitokea wagonjwa wa Marburg waliokuwa wamezuru pango lile. Fuateni maelekezo ya renja.

Mama Walukuba, ile hesabu yako ya maji imenigusa. Mimi nalima kando ya kijito kinachoingia Nzoia. Sikuwahi kufikiri kwamba yanapita Jinja.

MamaWalukuba

Yanapita, ndugu yangu. Nimemsomea kijana ulivyoandika, ametoka mbio kumwambia rafiki yake.

KijanaWaMbale

Na kupanda Wagagai kabisa? Kijana wa miaka 12 anaweza? Nami nina mdogo wangu anayetaka.

MwanaKween

Kuna njia tatu upande wetu. Ya Sasa inaanzia Budadiri, ni fupi na kali, kuna ukuta wa miamba wa Mudangi unaoupanda mapema kabisa na mzigo. Ya Piswa inaanzia Kapkwata, ni ndefu lakini inapanda taratibu, na msitu wake wa miti ya podo ni mzuri. Ya tatu ni ya Sipi, inaanzia hapo hapo Kapkwai na kulala mnalala pango la Tutum. Wengi wanapanda kwa moja na kushuka kwa nyingine, siku nne au tano. Juu ni baridi ya barafu usiku, na mwinuko unaumiza kichwa hata watu wazima. Mtoto asiyewahi kulala zaidi ya mita 2,000, aanze na Kapkwai kwanza. Akirudi hana shida, mwaka unaofuata ndiyo mzungumze na UWA kuhusu Piswa. Na msubiri Desemba mpaka Februari, miezi ya ukavu.

MamaWalukuba

Sisi tumeshakubaliana nyumbani kwamba Desemba ni Kapkwata, kutembea sehemu ya chini ya Piswa tu na kurudi. Bibi amesema safari hii hatabaki akiota jua.

MwanaKween, kama umepita karibuni barabara ya udongo kuelekea Kapkwai, tafadhali andika hali yake hapa. BabaShamim anataka kuondoka Ijumaa.

MwanaKween

Nimepita jana na boda. Imenyesha mara moja wiki hii, kona mbili za juu ni laini, kwingine kumekauka. Atoke Iganga alfajiri, afike kabla ya mvua ya mchana. Akikwama aulize watu wa pale, watamsukuma.